Povu la Jumapili

Jumapili asubuhi, wakati Kirua Vunjo nzima imevaa nguo za pasi na kuelekea kanisani, Aikaeli alikuwa kando ya mto amevaa mabuti ya mvua, akiomba jambo ambalo mtafiti hatakiwi kuliomba. Aliomba maji yawe masafi.

Alianzia chini, kwenye daraja lililo juu kidogo ya kiwanda cha sabuni cha Bwana Kiran. Kiwanda hicho watu wa Kahe walikuwa wamekwisha kukihukumu. Tangu msimu wa mavuno uanze, maji ya Mto Mleshi yalikuwa yakiwafikia huko tambarare yakiwa meusi, yananuka uchachu, na juu yake povu zito la rangi ya chai. Watoto waliwashwa ngozi na kuharisha. Samaki walielea matumbo juu. Na povu, kila mtu anajua, hutoka kwenye sabuni. Basi kesi ikawa imekwisha, maana mtu akishapata jibu linalompendeza, vipimo vya nini tena?

Jumatano ungekuwepo mkutano huko Kahe. Afisa wa mazingira angekuja kutoka wilayani, na wanafunzi wawili wa chuo kimoja cha Moshi wangesoma matokeo ya utafiti wao. Mmoja alikuwa Primus, kijana wa Kahe, aliyepima maji kuanzia kiwandani kwenda chini. Wa pili ndiye huyu Aikaeli, mtoto wa mlimani, aliyeachiwa sehemu ya juu. Aliachiwa kwa sababu kila utafiti lazima uwe na sehemu ya kulinganishia, na wote wawili waliamini kwamba huko juu hakuna kitu.

Siku hiyo kiwanda kilikuwa kimefungwa. Geti lilikuwa na mnyororo, ukuta umeandikwa matusi kwa mkaa, na mlinzi alikuwa anasikiliza mahubiri redioni. Aikaeli alichungulia chini ya daraja, mahali ambapo maji yalikuwa bado hayajakifikia kiwanda, akaona povu.

Alizamisha kifaa chake cha kupima oksijeni. Oksijeni ilikuwa imeporomoka. Akajaza chupa, akaifunga, akajiambia labda kuna mtu anafua nguo hapo juu. Nani anafua nguo Kirua saa ya ibada, hakujiuliza. Alipanda mpaka nyuma ya shule, akapima tena, mambo yakawa mabaya zaidi. Safari hii akasingizia mbolea ya ng'ombe. Lakini harufu ya samadi aliijua, na hii haikuwa samadi. Hii ilikuwa harufu ya nyumbani kwao kila mwaka wakati wa mavuno, harufu ya kahawa mbivu iliyomenywa na kulowekwa. Aliijua tangu akiwa anabebwa mgongoni.

Mbele kidogo mto ulipokea kijito kutoka upande wa kulia. Juu ya makutano hayo maji ya mto yalikuwa meupe, mawe yanaonekana mpaka chini, na kifaa kikasoma vizuri kabisa. Povu lote lilitoka kwenye kijito. Aikaeli alijaza chupa mbili, moja ya mto na moja ya kijito, halafu akasimama hapo na mkoba begani. Kijito hicho kilikuwa na mwanzo mmoja tu, na hakuhitaji ramani kuujua. Kilitoka kwenye mtambo wa kumenya kahawa wa Kikundi cha Upendo, ambao mwenyekiti wake ni Mzee Eliona, mzee wa kanisa, baba yake mzazi.

Angeweza kugeuza. Msichana mwingine angegeuza, na wala nisingemlaumu. Yeye akapanda, akipenya kwenye migomba, akijiambia kwamba huenda ni bomba limepasuka na baba hana habari.

Baba alikuwa na habari. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shimo la maji machafu, koti la suti limetundikwa kwenye mti wa mruka, suruali imekunjwa mpaka magotini, na mikononi ameshika ubao aliouchomoa kwenye mlango wa shimo. Maji meusi yalikuwa yanamiminika kuelekea kijitoni.

"Shikamoo, baba," Aikaeli alisema. Ndiyo malezi hayo. Hata umkute mzazi wako anachoma nyumba, kwanza utamwamkia.

"Marahaba." Mzee Eliona aliangalia mabuti, akaangalia mkoba. "Kanisani huendi leo?"

"Na wewe je, baba?"

"Mimi nimesali ibada ya kwanza."

Kutoka kanisani kwaya ilisikika ikiimba.

"Haya maji yanakwenda Kahe," Aikaeli alisema.

"Mae! Yanakwenda mtoni. Yakifika Kahe yameshachanganyika." Mzee Eliona aliuweka ubao chini. "Mashimo yamejaa, mwanangu. Tuliyachimba wakati kikundi ni watu wachache. Sasa karibu usharika mzima unaleta kahawa hapa. Niliitisha kikao, nikasema tuchimbe mashimo mengine. Nani atoe kihamba, ardhi yake ya urithi? Kila mtu alianza kuangalia viatu vyake. Ningefanyaje? Nifunge mtambo, kahawa ioze majumbani?"

"Na kwa nini unafungua Jumapili?"

Baba yake alimshangaa, kana kwamba jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto mdogo. "Kwa sababu Jumapili watu hawachoti maji. Wako kanisani. Mimi si mtu mbaya, Aika. Nimechagua siku ambayo hayatamdhuru mtu."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo palipomuuma Aikaeli. Baba yake alikuwa amekaa, akafikiri, akawahurumia watu wa Kahe, akawatafutia siku njema. Ila huruma yake iliwavisha suti na kuwapeleka kwenye ibada ya Kilutheri.

"Baba, nusu ya Kahe ni Waislamu," alisema. "Na hao wengine wakitoka kanisani wanakwenda mtoni kuchota. Maji haya yanawafikia jioni."

Mzee Eliona aliyatazama maji yakiteremka. Hilo hakuwahi kulifikiria, na sura yake ilionyesha. Lakini mtu mzima akinaswa kwenye kosa, mara nyingi huona afadhali kukasirika kuliko kuona aibu.

"Utafiti wako unaishia kwenye daraja la kiwanda," alisema kwa sauti nyingine.

"Unaishia hapa, baba." Aikaeli alikuwa ameshainama na kujaza chupa ya mwisho kwenye mlango wa shimo. Maji yalimmwagikia vidoleni.

Baba yake aliipokonya chupa ile, akaimwaga, na mkono uleule ukarudi ukamwasha binti yake kofi. Kwa kishindo chake wote wawili waliruka. Mzee Eliona hakuwahi kumpiga mtoto huyu hata alipokuwa mdogo. Kaka zake ndio waliomaliza fimbo zote za nyumba ile.

"Ukitaja jina la kikundi huko chini," alisema, "usiniite baba."

Aikaeli aliteremka bila kukimbia. Chupa zake nyingine zilikuwa salama mkobani. Ile iliyohitajika kuliko zote hakuwa nayo.

*

Mwalimu wao, Dokta Salvina, alikuwa amewaonya mapema. Chanzo cha uchafu hakitajwi kwa kukisia, aliwaambia. Ama uwe na maji yaliyotekwa pale pale yanapotoka, ama uwe na mtu aliyeona. Siku nzima ya Jumatatu Aikaeli aliyasikia maneno hayo kichwani huku akipima chupa zake kwenye maabara ya chuo. Mtu aliyeona alikuwa yeye mwenyewe. Angesimamaje kumtaja baba yake?

"Za juu zikoje?" Primus alimuuliza, akivuta kiti.

"Bado nahakiki."

"Unahakiki nini, Aika? Mkutano keshokutwa." Primus alikuwa hajalala vizuri. Mtoto wa dada yake alikuwa amelazwa kwa kuharisha tangu Jumapili usiku, na yeye ndiye aliyepeleka uji wodini. "Mimi slaidi ya mwisho nimeshaimaliza. Chanzo ni kiwanda."

"Umeandika chanzo kabla sijakupa matokeo yangu?"

"Acha hizo, bana. Lile povu we hulioni?"

Aikaeli aliinamia kifaa chake ili Primus asimwone uso. Alitamani sana Bwana Kiran awe ndiye. Ingekuwa rahisi kwa kila mtu. Mhindi angefungiwa kiwanda, watu wangepiga vigelegele, na baba angeendelea kukaa kiti cha mbele kanisani. Jumapili inayofuata, maji meusi yangeteremka tena, na safari hiyo kusingekuwa hata na mtu wa kumlaumu. Alijichukia kwa kuitamani hiyo nafuu, lakini aliitamani.

Jumanne mchana aliitwa kutoka chumbani kwake bwenini. Ana mgeni.

Mzee Eliona alikuwa amesimama chini ya kibaraza, amevaa lile koti la Jumapili, ameshika kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alikataa kiti. Alikataa soda. Alilifungua gazeti taratibu, na ndani yake mlikuwa na jani moja refu la kijani, limefungwa fundo.

Kwao mlimani, jani hilo la isale halichezewi. Aliyekosa akishalichuma na kulifunga na kulileta kwa aliyekosewa, basi neno limekwisha. Hata kama damu ilimwagika, hupewi ruhusa ya kukataa. Watu wameachiana mashamba kwa jani hilo, na maadui wamekula meza moja. Lakini baba kumletea isale mtoto wake, tena wa kike, hilo hakuwahi kulisikia likisimuliwa na mtu yeyote.

"Nimekupiga," Mzee Eliona alisema. "Na nimekutolea maneno mazito. Nimekuja na isale, mwanangu. Nisamehe yote ya Jumapili."

Alilitanguliza jani kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu, na Aikaeli aliona kwamba majuto yale ni ya kweli. Aliona vilevile lile neno "yote" lilivyowekwa pale katikati kwa hesabu kali. Kofi lilikuwemo ndani ya yote. Maji nayo yalikuwemo.

"Baba, ile habari ya maji..."

"Nimesema yote." Mikono yake bado ilikuwa imenyooka. "Utaniacha nimesimama hivi?"

Hakuna binti wa Kirua ambaye angemwacha. Aikaeli alipiga goti, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, baba."

Mzee Eliona alishusha pumzi ndefu, akamshika kichwa, akamwambia mama yake anamsalimu na ndizi za kupikia machalari zitakuja na gari la jioni. Aliondoka akitembea kama mtu aliyetua gunia. Aikaeli alibaki amepiga goti pale kibarazani mpaka wenzake wakamuuliza kama anaumwa.

*

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la mpunga, kwa kuwa ukumbi wa shule ulikuwa na mitihani. Watu walijaa mpaka milangoni, na joto la Kahe unalijua. Koti la Mzee Eliona lilikuwa limeloa mgongoni kabla mkutano haujafunguliwa. Alikaa mstari wa mbele pamoja na wazee wengine wawili kutoka mlimani, walioalikwa kama wawakilishi wa watumiaji wa maji wa juu. Upande wa pili, peke yake, na viti vitupu huku na huku, alikaa Bwana Kiran.

Afisa wa mazingira, mama mwenye sauti ndogo na uso usiocheka, alianza na wageni. Mzee Eliona akapewa nafasi ya kwanza. Alisimama, akavua kofia.

"Sisi wa juu tunawapa pole sana ndugu zetu," alisema. "Maji yakitoka kwetu ni masafi. Yakifika kwenu tunasikia ni sumu. Katikati hapo tunajua kuna nini. Sitasema zaidi."

Ghala lilipiga makofi. Priska, mkulima wa mpunga na mwenyekiti wa watumiaji wa maji wa Kahe, mwanamke mpana mwenye mtandio wa bluu, alisimama kumshukuru kwa utu wake. Aikaeli alitazama sakafuni. Alikuwa amemsamehe baba yake jana tu, na leo palikuwa na jipya.

"Naweza kusema?" Bwana Kiran aliuliza. "Mimi nimezaliwa Moshi, baba yangu kazaliwa Moshi. Maji ya kiwanda changu yanaingia kwenye tangi la saruji. Njooni mpime! Mara ngapi nimesema njooni mpime?"

"Na povu?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Povu limezaliwa wapi?"

Watu waliangua kicheko, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Vijana fulani walianza kugonga madebe. Afisa alilazimika kusimama ndipo wakanyamaza.

Primus alitoa matokeo yake vizuri, namba baada ya namba, na kila namba ikasindikizwa na miguno. Alipofika kwenye slaidi ya mwisho, sauti ilimpanda. Alimtaja mtoto wa dada yake wodini. Halafu akamgeukia mwenzake. "Aikaeli atamalizia na vipimo vya juu, kisha tutafunga."

Aikaeli alisimama. Mzee Eliona alimtazama kwa utulivu, hata akamwitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia kijana anayekwenda kusoma somo la kwanza ibadani. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Jani lilikuwa limepokelewa.

"Jumapili nilipima juu ya kiwanda," Aikaeli alisema. "Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Maji yalikuwa na povu kabla ya kufika kiwandani."

Minong'ono ikaanza. Primus alimkodolea macho.

"Nilifuata povu mpaka juu. Linatoka kwenye kijito cha mtambo wa kumenya kahawa wa Kikundi cha Upendo, Kirua. Maji ya kahawa yakichacha hutoa povu. Hii siyo sabuni."

Ghala lililipuka. Mzee mmoja wa mlimani aliruka kutoka kitini, akapiga kelele kwamba binti amepewa kitu na Mhindi. Mwingine akauliza amelelewa na nani. Baba yake alibaki kitini. Alikuwa ameganda na kofia magotini.

"Sampuli ya kwenye mtambo wenyewe iko wapi?" afisa aliuliza. "Naona ya makutano ya kijito. Ya mtambo siioni."

"Sina."

"Kwa nini huna?"

"Ilimwagwa."

"Na nani?"

Hapa ndipo alipofikiri angekufa. Angeweza kusema aliteleza. Neno moja tu, niliteleza, na nyumbani kungebaki nyumbani.

"Na baba yangu," alisema. "Mzee Eliona, pale mbele. Alikuwa anafungulia shimo. Alikasirika akanipiga, na jana amekuja Moshi kuniletea isale. Mimi nimeipokea. Nimemsamehe, na hapa sisemi kwa hasira." Alimgeukia baba yake. "Lakini nilichosamehe ni kofi langu. Maji hayakuwa yangu. Baba, hawa hujawaomba."

Neno isale liliwanyamazisha wale wazee wawili kuliko vile afisa alivyoweza. Yule aliyeruka kitini alikaa. Wote wawili walimgeukia Mzee Eliona, na macho yao yalikuwa yanauliza habari za jani, si za kahawa tena.

"Mzee," afisa alisema, "ni kweli?"

Mzee Eliona aliinuka. Alichukua muda mrefu mno kunyoosha mgongo. Alimwangalia Bwana Kiran, akaangalia mlango, akamwangalia binti yake, na Aikaeli alijua anatafuta neno la kusema kwamba mtoto huyu ni mwongo. Neno hilo lilikuwa jepesi, na ghala zima lingelidaka kwa mikono miwili.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye ninayefungua. Kila Jumapili."

Priska alimwendea mpaka wakabaki hatua chache. Mikono ilikuwa kiunoni.

"Nimetoka kukushukuru sasa hivi," alisema. "Isale hata sisi tunaijua, mzee. Jani lako lilikosea nyumba."

"Nimekosa, mama."

"Wajukuu zangu wanajikuna mpaka damu. Na leo jioni tuchote wapi?"

Afisa alikuwa anaandika. Ndipo Bwana Kiran alipoinuka, uso umemwiva kwa hasira ambayo sasa alikuwa na haki nayo.

"Boza la kiwanda litaleta maji jioni," alisema. "Leo, na kesho, mpaka mto usafike. Lakini yale mliyoyaandika kwenye ukuta wangu, mtakuja kuyafuta wenyewe. Sitamlipa mtu ayafute."

Akatoka, na watu wakampisha bila kumtazama machoni.

*

Aikaeli alimkuta baba yake nje, kando ya Fuso ya kikundi iliyowaleta. Wale wazee wawili walikuwa wameshapanda nyuma, wakajifanya wanaongea mambo yao.

"Baba."

"Kama ungeikataa isale jana," Mzee Eliona alisema bila kugeuka, "leo ningekuita mwongo mbele yao wote. Na wangeniamini mimi. Ningemwitaje mwongo mtu aliyeshika isale yangu?"

"Sikupokea ili nikutege."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuja kutega." Alivaa kofia, akaivua tena. "Mtambo umefungwa kuanzia leo. Afisa amesema mpaka kuwe na mashimo mapya. Yatachimbwa."

"Wapi? Ulisema hakuna aliyetoa kihamba."

"Kwangu. Kile kipande cha chini ya nyumba, kinachopakana na mtambo."

Aikaeli alikijua kipande hicho. Kilikuwa na migomba mizuri kuliko yote na udongo mweusi, na kaka zake walikuwa wamekiulizia mara nyingi. Baba alikuwa akiwajibu kwamba kina mwenyewe, na watu wa nyumbani walidhani amekiweka kwa uzee wake.

"Si ulisema kina mwenyewe?"

"Kina mwenyewe." Mzee Eliona alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu watoke ghalani. "Kaka zako wana vyao. Kile nilikuwa nimekiweka kwa ajili yako. Nilitaka umalize chuo ndipo nikuambie, nikuonyeshe mipaka mbele ya ukoo, mtu asije akakusumbua nikifa."

"Mimi, baba? Mtoto wa kike?"

"Kwani sikujui wewe ni nani?"

Machozi yalimtoka Aikaeli, na hakuyafuta. Hakuna msichana wa ukoo wao aliyewahi kupewa kihamba. Alikuwa amepewa, na alikuwa amenyang'anywa, yote ndani ya dakika ileile, na aliyekinyang'anya alikuwa ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Angeyarudia maneno yale hata angejua? Alijiuliza hivyo akiwa amesimama palepale, akaona kwamba angeyarudia, na kuona hivyo hakukumpunguzia uchungu.

"Nitakuja Jumamosi," alisema. "Nitakuja kuchimba na nyinyi."

"Usije."

"Baba, nina mikono."

"Nimesema usije, Aika." Sauti ya Mzee Eliona ilipasuka, akageukia gari ili wale wa nyuma wasimwone. "Siku hiyo sitaki nikuone umeshika jembe pale."

Alipanda mbele kwa dereva, akavuta mlango mara mbili ndipo ukafungika. Gari lilitoka uwanjani, likaelekea barabara ya kupanda mlimani.